Siku Zetu Tuziandike Wenyewe

Wazee wa Kibukusu walihifadhi siku ya kuzaliwa ndani ya jina. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha aliitwa Wafula, na wa kike Nafula. Wa kiangazi alikuwa Simiyu au Nasimiyu, wa palizi Wanyonyi, wa mavuno Wekesa au Nekesa. Naye aliyekuja duniani maghala yakiwa matupu akaitwa Wanjala, wasije jirani zake wakasahau kwamba mwaka ule watu walilala njaa. Miaka nayo ilihesabiwa kwa marika, kila msimu wa tohara wa Agosti ukiacha alama yake, hata mzee akiulizwa umri alitaja rika lake na kuishia hapo. Kalenda hiyo haikuhitaji karani wala muhuri, na hapakuwa na mkubwa awezaye kuifuta.

Kalenda ya karatasi ilipoingia, iliingia pamoja na mwenye mamlaka ya kuamua ni siku ipi ikumbukwe na ipi isahaulike. Mtazameni Elijah Masinde wa Maeni, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Hakuna ajuaye kwa yakini tarehe aliyozaliwa. Lakini serikali ya kikoloni ilijua sana siku za kumkamata na kumpeleka uhamishoni, na serikali ya uhuru nayo ikapata siku zake za kumtia gerezani. Mtu huyo anaonekana katika maandishi kila mara anapofungwa, na kutoweka kila mara anapokuwa huru.

Ndugu msomaji, hoja yangu ni hii. Kila kanisa na kila kikundi cha wapenda mageuzi, kuanzia Endebess hadi Chwele, kiwe na daftari la siku. Ndani yake yaandikwe mvua iliyonyesha, tukio la siasa, aliyezaliwa au aliyefariki tarehe hiyo, na neno lililonenwa hadharani. Kazi hiyo yaonekana ndogo, kama ya watoto wa shule. Nitaeleza kwa nini naihesabu kuwa miongoni mwa kazi kubwa za wanamageuzi.

Tuanze na kalenda ya dola. Kwa miaka mingi Oktoba 10 ilikuwa Siku ya Moi, na Oktoba 20 Siku ya Kenyatta, ukumbusho wa kukamatwa kwake na wenzake mwaka 1952. (Wengi wamesahau kwamba kesi ilipoendeshwa Kapenguria, mawakili walilala hapa Kitale na kusafiri kila siku, kwa kuwa kule hapakuwa na hoteli.) Katiba iliyotangazwa Agosti 27, 2010 iliipa Oktoba 20 jina la Mashujaa na kuiacha Oktoba 10 nje ya orodha yake. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaamua kwamba siku hiyo ingali katika sheria ya sikukuu. Baadaye ikabatizwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikawa Siku ya Mazingira. Siku moja, majina matatu. Sina ugomvi na upandaji wa miti. Mlima Elgon na Cherangani zauhitaji. Ninachoshangaa ni wepesi wa kuibadili kumbukumbu ya taifa kama mtu anayebadili shati.

Sasa itazameni Agosti 14, ambayo haina rangi nyekundu katika kalenda yoyote niliyopata kuiona ukutani. Siku hiyo, mwaka 1990, alifariki Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret, ambayo wakati huo ilikuwa bado inayabeba makanisa ya Kitale. Alikuwa mmoja wa maaskofu walioukemea uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo mpiga kura alisimama nyuma ya mgombea mbele ya macho ya chifu. Siku chache kabla ya kifo chake, Peter Okondo, aliyekuwa Waziri wa Kazi, alitamka hadharani kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wakithubutu kukanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Muge alikwenda. Akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori huko Kipkaren.

Miaka miwili kamili baadaye, Agosti 14, 1992, Masinde Muliro alianguka na kufa katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Alizaliwa Juni 30, 1922, upande wa Kimilili, akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa 1957. Mwaka 1975 alipoteza uwaziri kwa kupiga kura upande wa ripoti ya Kamati ya Bunge kuhusu mauaji ya J. M. Kariuki. Agosti 1991 alikuwa miongoni mwa wazee walioanzisha FORD, nao mfumo wa chama kimoja ukaondolewa katika sheria Desemba mwaka ule ule. Uchaguzi alioupigania ulifanyika Desemba 29, 1992. Hakuuona. (Juni 30, kwa bahati, ndiyo siku ambayo serikali yetu hufunga hesabu zake za mwaka. Sijui kama kuna mhasibu anayemkumbuka Muliro anapofunga kitabu.) Naye Michael Kijana Wamalwa, mzaliwa wa Novemba 25, 1944, mbunge wa Saboti na Makamu wa Rais, alituacha Agosti 23, 2003. Mwezi wa Agosti umetuchukulia wengi, na bado tunauita mwezi wa likizo tu.

Nirudie neno la Okondo, kwa maana hapo ndipo uzito wa hoja ulipo. Lingenenwa na mlevi sokoni lingepotea siku hiyo hiyo. Lakini lilinenwa na waziri, likaandikwa magazetini pamoja na tarehe yake, na lilipokwisha kuandikwa halikumezeka tena. Muge alipokufa, nchi nzima ililifungua gazeti na kulisoma upya. Okondo akajiuzulu. Katika zama zile ambapo rais mwenyewe alikuwa amewataka mawaziri, Septemba 1984, wamwimbie kama kasuku, waziri kung'oka kwa sababu ya maneno yake mwenyewe halikuwa jambo la kawaida.

Mwaka uliofuata maneno mengine yalinenwa. Septemba 1991, katika mikutano ya Kapsabet na Kapkatet, wanasiasa wa chama tawala walidai majimbo na kuwatisha wale waliowaita wageni katika Bonde la Ufa. Oktoba 29 mapigano yakaanza shamba la Meteitei, Nandi, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yamefika Trans Nzoia, kisha Bungoma. Mikutano ile mikubwa ilikuwa na waandishi wa habari, ndiyo maana Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku mwaka 1992, na baadaye Tume ya Jaji Akiwumi, ziliweza kuirejelea. Baraza za vijijini hazikuwa na waandishi. Ni nani aliyesema nini chini ya mti, wiki moja kabla ya nyumba kuchomwa? Jirani wanakumbuka sauti. Tarehe hawana.

Kamati ya Kiliku iliandika vifo 779. Mwaka 1993 shirika la Africa Watch likakadiria vifo 1,500 na watu 300,000 waliofukuzwa makwao. Sehemu ya tofauti hiyo yatokana na muda, kwani mapigano hayakukoma 1992. Sehemu nyingine, naamini, ni watu ambao hakuna aliyeiandika siku yao.

Mtaniuliza mvua imeingiaje katika jambo hili. Mkulima wa Kitale anajua. Mahindi yetu ya nyanda za juu, kama H614, hukaa shambani miezi sita na zaidi. Anayekosa mvua za Machi na Aprili amekosa mwaka mzima. Aliyefukuzwa shambani Januari 1992 alipoteza mahindi yaliyokuwa ghalani na pia mahindi ambayo hayajapandwa. Hasara hiyo ya pili haionekani kwenye picha ya nyumba iliyoungua. Tena wengi waliokimbia hawakuwa na hatimiliki mkononi. Mtu mwenye daftari linaloonyesha kwamba mvua ya kwanza ilinyesha shambani kwake tarehe fulani, akapanda tarehe fulani, akapalilia tarehe fulani, miaka kumi mfululizo, anaweza kusimama mbele ya tume yoyote na kuonyesha kwamba aliishi pale.

Lipo na jambo jingine la majira ambalo wanamageuzi hatulizungumzi vya kutosha. Chaguzi za 1992, 1997, 2002 na 2007 zilifanyika mwishoni mwa Desemba, mavuno yakiwa yamekwisha. Katiba ya 2010 imeuweka uchaguzi Jumanne ya pili ya Agosti. Nauunga mkono uhakika wa tarehe. Afadhali Agosti ya katiba kuliko Desemba ya matakwa ya rais. Lakini Agosti mahindi ya Trans Nzoia yangali mabichi shambani, barabara za ndani ni matope, na mfuko wa mkulima hauna kitu. Noti ya mgombea ina uzito mkubwa kwa mtu ambaye hajavuna. Mnunuzi wa kura anaijua kalenda hii kuliko sisi. Uchaguzi unaofuata, kwa hesabu ya katiba, ni Agosti 10, 2027.

Watakuwepo watakaosema kwamba kuandika maneno ya wanasiasa ni kuleta siasa madhabahuni, na wengine kwamba siku hizi simu zanasa kila kitu. Kwa hao wa pili nasema simu huibwa, hupotea, na picha hughushiwa; mashahidi wawili waliotia sahihi siku ile ile hawaghushiki kwa urahisi. Kwa hao wa kwanza nasema kanisa limekuwa mtunza siku tangu zamani. Wazee wangapi wa Bungoma walipata tarehe yao ya kwanza maishani katika rejista ya ubatizo?

Kanuni ni chache. Neno liandikwe kwa lugha lililonenwa, iwe Kibukusu, Kisabaoti, Kikuyu, Kiswahili au nyingine, bila kupambwa. Ziandikwe tarehe, mahali, jina la msemaji na majina ya mashahidi wawili. Uvumi usiingie. Maneno mema pia yaandikwe, na hasa ya wale waliofungua milango kuwapokea jirani wa kabila jingine, maana hao nao hawakuandikwa. Wala tusiwaruke viongozi wa upande wetu. FORD iligawanyika kabla ya uchaguzi wa 1992, KANU ikapenya katikati, na hadi leo kila kundi lasimulia kwamba ni lile lingine lililovunja nyumba. Laiti matawi yangeandika nani alisema nini katika mikutano ile, tungelibishana kwa ushahidi.

Mwandishi awe mtu mwenye hati inayosomeka, si lazima awe mkubwa. Mara nyingi mwanakwaya kijana atamfaa mchungaji kuliko mzee wa kanisa mwenye kiu ya udiwani. Daftari lifungiwe kabatini pamoja na rejista ya ubatizo, na nakala ya pili ikae parokia jirani, ng'ambo ya mpaka wa kaunti ikiwezekana: la Kitale litunzwe Bungoma, la Bungoma Kitale. Kurasa mia mbili zatosha mwaka mmoja, na mweka hazina asiitishe mchango wa ziada kwa ajili yake.