Nyasi na Kisima

Mchezo wa gofu hauna hatia. Ni mchezo wa mwendo na subira, na mtu aupendaye hana sababu ya kuona haya. Lakini viwanja vyake vinavyotengenezwa katika pwani zetu kwa ajili ya wageni vina jambo la kujibu, nalo ni maji. Siku hizi hakuna mwenye kiwanja asiyejiita rafiki wa mazingira. Sifa hiyo hutundikwa mlangoni pamoja na picha ya ndege na mti wa mbuyu, na baada ya hapo wenyeji hutazamiwa wasiulize zaidi. Mimi nasema ni wajibu wetu kuuliza, na swali la kwanza si la ndege. Nyasi zile hunywa maji ya nani?

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ya ardhi ni lita 10,000. Tuseme kiwanja cha mashimo 18 kinanyweshewa hekta 30 tu, na katika jua la kaskazi kinapewa milimita 4 kwa siku. Kabla ya usiku kuingia kitakuwa kimekunywa lita 1,200,000. Katika mitungi ya lita 20, ile ambayo wachuuzi husukuma kwa mikokoteni katika mitaa ya Mombasa, hiyo ni mitungi 60,000. Kwa siku moja! Na Mombasa ni mji ambao maji yake hutoka mbali: Mzima katika nchi ya Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililotandazwa katika miaka ya 1950, Marere katika Milima ya Shimba, Baricho kando ya mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Vyote hivyo pamoja havijautosheleza mji. Ukienda Ganze, katika Kaunti ya Kilifi, utawakuta watu ambao mifugo yao ilikufa katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022.

Wenye viwanja wana jibu lililo tayari. Husema, "Sisi hatugusi maji ya mji, tumechimba kisima chetu wenyewe." Jibu hili lingekuwa jema kama chini ya ardhi kungekuwa na ua wa kutenga mali ya mtu na mali ya jirani yake. Ua huo haupo. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Kenya imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, nao umejaa vitundu mithili ya sifongo. Mvua inyeshapo, maji hupenya katika vitundu hivyo, na yakifika chini huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi. Tabaka hilo jembamba ndilo linywewalo na kila kijiji. Pampu yenye nguvu ikivuta kuliko mvua irudishavyo, maji ya bahari hupanda kushika nafasi iliyoachwa. Mwenye pampu hana hofu kubwa, kwani aweza kununua mtambo wa kuondoa chumvi. Mwenye ndoo na kamba hana mtambo. Yeye huonja tu, akatema.

Tena kishukacho si mvua peke yake. Mbolea za viwandani zinazomwagwa ili nyasi ziwe nzito, na dawa zinazopulizwa kuua wadudu na magugu, hupita katika vitundu vile vile. Sehemu huingia visimani. Sehemu husafiri chini kwa chini na kutokea ufuoni, pale ambapo bahari ikipwa sana huonekana maji matamu yakibubujika mchangani. Mbolea haisahau kazi yake kwa kuwa imefika baharini. Hukuza miani kama ilivyokuza nyasi, na miani hiyo huyafunika matumbawe na kuyanyima nuru. Diani ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari pamoja na Chale mwaka 1995. Tangazo la serikali halina nguvu ya kuizuia mbolea ipitayo chini ya ardhi, na mvuvi wa pono na tafi hajui amlalamikie nani.

Sasa tuulize jambo ambalo ni nadra kuulizwa. Ni nani aliyesema nyasi za gofu lazima ziwe kijani mwaka mzima? Hakusema mwanzilishi wa mchezo, kwani mchezo huu ulikulia katika nchi ya Scotland, katika mahali kama St Andrews, juu ya michanga ya ufuoni isiyofaa kulimwa. Mkata nyasi alikuwa kondoo, na mnyunyizaji alikuwa mvua. Hamu ya zulia la kijani ni ya juzi, na ilienezwa kwa nguvu na televisheni ya rangi, ambayo mwaka 1966 ilianza kuonyesha mashindano ya Augusta, Marekani, mahali palipotunzwa kwa fedha zisizo na kifani. Watu wakaona picha ya juma moja la mwaka katika kiwanja kimoja cha matajiri, wakaifanya sheria ya dunia nzima.

Wachezaji wakubwa hawakuihitaji sheria hiyo. Mwaka 2006 huko Hoylake, Uingereza, kiangazi kilikausha uwanja ukawa rangi ya majani makavu. Mpira ulikwenda mbali sana juu ya ardhi ngumu, hata Tiger Woods alitumia fimbo yake ndefu mara moja tu katika siku nne, naye akashinda. Pinehurst, katika jimbo la North Carolina, waling'oa zaidi ya ekari 30 za nyasi, wakaondoa zaidi ya nusu ya vinyunyizio, wakaacha mchanga na majani ya asili yarudi. Mwaka 2014 mashindano makuu ya Marekani ya wanaume na ya wanawake yalichezwa hapo kwa majuma mawili mfululizo. Kama mabingwa wa dunia wacheza juu ya ardhi kavu, mgeni wa likizo aliyekuja Diani kwa siku kumi ana udhuru gani?

Najua nitaambiwa kuwa viwanja huleta kazi na fedha za kigeni. Ni kweli, na sitaki vifungwe. Lakini nyasi kavu huhitaji watunzaji vile vile, na magugu yang'olewayo kwa mikono huajiri watu wengi kuliko dawa ipulizwayo na mtu mmoja. Mvuvi naye ana kazi, ijapokuwa havai sare ya hoteli. Tena wanaodai kazi hizo wasisahau sheria ya nchi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Sheria ya Maji ya 2016 huyatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine. Nyasi hazikutajwa.

Kiwanja chema chawezekana. Kwanza kitafutiwe ardhi iliyokwisha kutumika. Huko Vipingo, Kilifi, kiwanja kilichoandaa mashindano ya wanawake ya Ulaya mwezi wa Desemba 2019 kiko katika ardhi iliyokuwa shamba la mkonge, na hilo ni bora mara nyingi kuliko kufyeka msitu ambamo mbega hulala. Hata machimbo yaliyoachwa hayastahili kudharauliwa: tangu 1971 René Haller aliotesha mivinje katika mashimo makavu ya Bamburi, akaleta majongoo wayatafune majani yake yawe udongo. Kisha nyasi zipandwe pale mpira unapochezwa tu, na ziwe za aina ya paspalumu, ambayo huota ufuoni na kuvumilia maji yenye chumvi ambayo mtu hawezi kuyanywa. Maji ya kuoga na kufulia ya hoteli yenyewe yasafishwe katika mabwawa ya matete, ndiyo yanyunyizwe. Wakati wa kaskazi sehemu nyingine iachwe ikauke hadi masika.

Na ahadi hizi zisikubaliwe kwa maneno. Kila pampu ya kiwanja ifungwe mita, na kila mwezi kiasi kilichovutwa kibandikwe mahali ambapo wanakijiji waweza kukisoma, pamoja na kipimo cha chumvi cha visima vilivyo jirani. Kazi ya chumvi haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Katika maabara ya shule, matone ya nitrati ya fedha huyageuza maji yenye chumvi kuwa meupe kama maziwa, na mwanafunzi aliyefundishwa kupima kwa uangalifu aweza kutambua kiasi chake. Darasa lolote la pwani laweza kuanza kaskazi ijayo, kwa visima vya kijiji chake, bila kungoja ruhusa ya hoteli yoyote.