Fomu Isiyotaka Vistari

Mhariri,

Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ina tarakimu 20, na kwenye kadi imechapwa ikiwa na vistari vinavyoigawa mafungu manne. Mzee mmoja aliyefika steshenari kujaziwa fomu ya mtandaoni aliisoma kama ilivyo, na kijana wa hapo akaiandika, vistari na vyote. Fomu ikagoma: “Taarifa si sahihi”. Taarifa ipi? Haikusema. Walipobonyeza tena, ukurasa ukarudi mtupu, wakaanza upya huku bando likiyeyuka.

Vistari hivyo kompyuta ingeweza kuviondoa yenyewe.

Kichekesho zaidi, fomu iliuliza pia tarehe ya kuzaliwa, ilhali tarakimu nane za mwanzo za namba hiyo ndizo mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mtu. Tena mzee huyo, aliyezaliwa 1951, ikamshusha kwenye orodha ya miaka, mwaka mmoja mmoja, kuanzia mwaka huu. Mwongozo wa serikali ya Uingereza kwa waundaji wa tovuti zake unashauri visanduku vitatu vya kuandika tu: siku, mwezi, mwaka. Wenye fomu ile wangeanzia hapo, kisha wamkalishe mzee kama huyu mbele ya skrini kabla ya kuifungulia umma.

Msomaji,
Morogoro