KAMERA ILIYOTUMIKA: TUNUNUE LINI?

Katika mkutano wa Chama cha Kiswahili kulizuka mjadala mkali ambao haukufika tamati, maana kengele ililia na sisi wa shule ya kutwa tuna matatu za kukimbilia. Hoja ilikuwa hii: chama kina akiba ya shilingi 23,400. Je, tununue kamera ya dijitali ya zamani iliyokwisha kutumika, au tungoje mpaka pesa zitoshe kununua mpya? Kwa kuwa wengi walitaka kusema na muda haukutosha, naomba nitoe maoni yangu hapa.

Upande wa kungoja ulisema kwamba haraka haraka haina baraka. Upande wa kununua ukajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zote mbili ni za kweli, kwa hivyo haziwezi kutuamulia kesi hii. Mimi nasema hivi: kamera ya zamani inunuliwe wakati kuna jambo la kupigwa picha ambalo haliwezi kutungoja. Kama jambo hilo halipo, afadhali pesa zikae benki hata kama kamera inauzwa kwa bei ya kutupa.

Sasa sisi tuna jambo gani lisilongoja? La kwanza ni sisi wenyewe. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, na waliofanya mtihani huo waliingia kidato cha kwanza mwaka wa 2024. Ndio sisi tulio kidato cha tatu mwaka huu wa 2026. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, bali wako ndugu zetu wa Gredi ya 10. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 unafunga mlango nasi, na KCSE yetu imepangwa mwaka wa 2027. Kamera mpya tunayoitaka bado inazidi pesa zetu. Kwa mwendo wetu wa kuchanga na kuuza jarida, tutaifikia labda mwaka wa 2029. Wakati huo kidato kitakuwa ni neno la kusimuliwa tu. Kwani tutampiga nani picha?

La pili ni mahali tunapoishi. Wengi wetu hutoka Ruiru kila asubuhi kuja Thika. Ruiru ndiko kuliko na kituo cha utafiti wa kahawa, na hata aina ya kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985, ilipata jina lake huko. Leo sehemu kubwa ya mashamba ya kahawa imegeuka ploti na magorofa. Tatu City yenyewe inajengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, wengi wetu tulikuwa bado hatujaanza nasari, na hatukumbuki mambo yalivyokuwa kabla yake. Mwalimu akituambia tuandike insha kuhusu mabadiliko katika mazingira yetu, tunaandika ya kusikia. Mkahawa uliong'olewa haurudi eti kwa sababu chama fulani sasa kimepata pesa za kamera mpya.

Wako watakaouliza: je, kamera ya zamani itatoa picha nzuri? Hapa hebu tupige hesabu badala ya kubishana. Ukurasa wa jarida hili ni wa kipimo cha A4. Ili picha ijaze ukurasa mzima na ichapishwe vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji nukta 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Kamera ya Canon EOS 1100D, iliyotoka mwaka wa 2011, hutoa picha yenye nukta 4,272 kwa 2,848, ambazo ni zaidi ya milioni 12. Nikon D90 ya mwaka wa 2008 hutoa karibu sawa na hizo. Na ile picha ya kawaida ya studio, ya inchi 4 kwa 6, inahitaji nukta milioni 2 na kidogo tu. Kwa hivyo kamera iliyoundwa wakati sisi ni watoto wachanga inatutosha na kubaki. Anayetaka milioni 24 au 45 anataka za kuringia, au ana kazi ya kuchapisha mabango ya barabarani.

Isitoshe, ukingojea kamera ya kisasa kabisa unafukuza upepo. Kamera ya kwanza ya dijitali iliundwa mwaka wa 1975 na Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Tangu hapo kila toleo limefuatwa na jingine. Ambayo ni mpya leo, miaka michache ijayo itakuwa ya zamani pia. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1943, aliuonyesha ulimwengu njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 kwa vifaa ambavyo leo tungeviona vizito na vya kizamani. Dunia ilishtuka kwa sababu alikuwa pale wakati ule. Haikuuliza kamera yake ni ya mwaka gani.

Basi kama tumekubaliana kununua, tununue lini? Jambo la kwanza ni kwamba miaka hii ni mizuri kwa mnunuzi. Mnamo 2018 Nikon na Canon walianza kutoa kamera kubwa za aina mpya zisizo na kioo ndani, na wapiga picha wengi wa kazi wakaanza kuhamia huko. Anayehama huuza ya zamani. Binamu yangu, ambaye hupiga picha za harusi na mahafali hapa Thika na Ruiru, aliipata Nikon yake hivyo hivyo, kutoka kwa mwenzake aliyekuwa akibadilisha. Nilipoulizia bei Thika mjini na pia Luthuli Avenue kule Nairobi, nilipata kamera kama hizo zikiuzwa ndani ya pesa tulizo nazo.

Jambo la pili ni mwezi. Disemba ni mwezi wa harusi, sherehe na wageni. Nani atauza jembe lake msimu wa kulima? Hata akiuza, atataka bei kubwa. Lakini Januari kila mtu anajua ilivyo: karo, sare, vitabu, na mifuko imetoboka. Kwa maoni yangu, huo ndio wakati wa kwenda kuuliza. Simaanishi tumkandamize mwenye shida. Tumpe bei ya haki, naye atatupatia kitu kizuri pamoja na mkoba na chaja yake.

Hata hivyo, ziko nyakati ambazo hatufai kununua kabisa. Tusinunue ikiwa muuzaji ana haraka kutushinda sisi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jirani yetu Ruiru aliuziwa kamera na mtu wa kupita tu pale steji. Ilipiga picha kumi hivi, ikazima, na yule jamaa hakuonekana tena. Tusinunue pia ikiwa hakuna risiti wala maelezo ya kitu kilikotoka. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kuwa mtu anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kuwa ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Mia tano za kupunguziwa si kitu mbele ya miaka hiyo! Muuzaji aandike jina lake, nambari ya kitambulisho, na ile nambari iliyochapwa chini ya kamera.

Tena tusinunue kabla ya kupima. Binamu yangu amenifunza mambo manne, nami nawapa bila malipo. Mosi, piga picha ukiwa umefunika lenzi, kisha uikuze. Ukiona vidoa vingi vya rangi kwenye giza lile, kifaa cha kunasa mwanga kimechoka. Pili, toa lenzi uimulike kwa tochi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na kuisafisha kuna gharama. Tatu, uliza kamera imepiga picha ngapi. Ndani mna pazia dogo ambalo mafundi huliita shata, nalo lina umri wake. Kwa mfano, la Nikon D7000 ya mwaka wa 2010 lilipimwa kiwandani kwa picha 150,000. Kamera za Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili ya picha, lakini nyingi za Canon haziandiki na inabidi fundi atumie programu maalum. Nne, tazama aina ya kadi. 1100D na D90 hutumia kadi ndogo za SD ambazo ziko kila duka la simu. Nyingine za zamani, kama Canon 7D, hutumia kadi kubwa za CompactFlash ambazo utazitafuta mpaka uchoke.

Najua Mwalimu mmoja alisema simu yake inatosha, na tunamshukuru kwa moyo huo. Lakini simu ni ya mwenyewe. Mwalimu akipata uhamisho, picha zetu zinahama naye. Sisi wanafunzi haturuhusiwi kuja na simu shuleni, na sheria hiyo haitabadilishwa kwa ajili ya chama. Kamera ya chama itafungiwa kabatini, itaandikwa daftarini kila inapotoka, na kila mwanachama atajifunza kuishika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hayo, napendekeza tusitumie pesa zote kwa kamera. Tuache kama elfu tano za betri ya pili, kadi na fundi, maana kitu kilichotumika hakikosi kudai chake. Twende Januari 2027, watatu au wanne pamoja na mwalimu, tukiwa na mtu anayejua kupima. Tusipopata nzuri siku hiyo, turudi na pesa zetu na tujaribu wiki ijayo. Hiyo ndiyo haraka isiyo na baraka tunayoweza kuikwepa. Lakini tusingoje 2029. Kuanzia siku kamera itakapoingia, kazi ya kwanza iwe kidato cha nne cha mwisho, mmoja mmoja, kwa majina yao, na ya pili iwe mikahawa ya Ruiru ambayo bado imesimama. Wadogo zetu wa Gredi ya 10 wafundishwe kamera hiyo pamoja nasi, ili tukiondoka Novemba ya mwaka huo wawepo wa kuendelea.

Mwenye maoni tofauti ayalete mkutanoni au ayaandike katika toleo lijalo. Nitayasoma kwa furaha.