Lupita wa filamu za kutisha ndiye Lupita wetu

Mtaje Lupita Nyong'o nyumbani, utasikia jibu moja tu: "Yule Mkenya wa Oscar." Sawa, Oscar ya 2014 aliistahili. Lakini mimi nasema kazi yake kubwa iko kule ambako wazazi wetu wanapaita upuuzi: kwenye filamu za kutisha.

Anzeni na Us ya 2019. Humo Lupita ni watu wawili. Adelaide ni mama aliyekwenda likizo na mume na watoto. Red ana sura ileile, ila ametoka chini ya ardhi na mkasi mkononi. Huwezi kuwachanganya hata kidogo. Red anatembea wima kama ubao, na sauti yake imekwaruza, kila neno linatoka kwa shida. Kule alikokulia hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Mwaka huohuo akatoka na Little Monsters. Sasa ni mwalimu wa chekechea, anawaimbia watoto wadhani ni mchezo huku mazombi wamejaa nje. Unacheka, unaogopa, vyote pamoja. Halafu 2024, A Quiet Place: Day One. Ukipiga kelele unakufa, kwa hiyo Lupita anaigiza kwa macho na pumzi, paka kifuani. Na yeye mwenyewe alikuwa anaogopa paka!

Wahakiki wa New York walimpa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa Us. Oscar haikumteua hata. Na usiniambie filamu za kutisha haziteuliwi: Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London mwenye wazazi kutoka Uganda, aliteuliwa kwa Get Out.

Inatuhusu nini sisi wa Riyadh na Jeddah? Jamani, sisi tunabadilisha sauti kutwa. Shuleni Kiarabu, kwa marafiki Kiingereza, kwa bibi kwenye simu Kiswahili cha kujikwaa. Tunaambiwa hatujijui. Mimi naona huo ni ujuzi, na Lupita anaufanyia kazi. Ila Red anatuonya pia: sauti isiyotumika inakwaruza. Mpigie bibi.

Tena mambo yamebadilika hapa. Zamani kuona filamu ukumbini ilikuwa safari ya Bahrain. Tarehe 18 Aprili 2018, baada ya miaka kama 35, sinema ilifunguliwa tena Riyadh, na filamu ya kwanza ilikuwa Black Panther. Lupita yumo, Kaluuya yumo. Kwa hiyo mdogo wako akisema anataka kuigiza, usimcheke. Akisema anataka kuigiza jini, usimcheke vilevile. Hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Wikendi hii angalieni Us mara mbili: kwanza mfuateni Adelaide, halafu Red. Kisha mje tubishane.