Ukishuka Melini, Lipa kwa Fedha ya Nchi Uliyoikanyaga

Swali linaloniudhi kuliko yote katika safari za meli za kitalii huulizwa na mashine. Abiria ameshuka asubuhi, ametembea juani, amenunua vikoi viwili, anatoa kadi. Kioo cha mashine kinamuuliza: utalipa kwa shilingi, au kwa sarafu ya nyumbani kwako? Hii ni nchi ya tano katika siku kumi, amechoka kukokotoa, na tarakimu anazozifahamu ni zile za nyumbani. Anazibonyeza. Amekwisha kukatwa.

Nasema waziwazi: huo ni wizi uliopewa adabu ya swali, na benki zetu kuu zinapaswa kuukomesha.

Mambo yenyewe yanakwenda hivi. Ukichagua shilingi, bei inabaki kama ilivyoandikwa, na mtandao wa kadi yako, uwe Visa au Mastercard, ndio unaobadilisha kwa kiwango kilicho karibu sana na cha soko. Benki yako inaweza kuongeza ada yake, ambayo kwa kawaida haizidi asilimia 3. Ukichagua sarafu ya nyumbani, kazi hiyo inachukuliwa na kampuni iliyojificha nyuma ya mashine, nayo hujipangia kiwango. Nyongeza yake mara nyingi ni kati ya asilimia 3 na 8, na zipo mashine zinazovuka 10. Chukua mlo wa familia wa shilingi 260,000 pale Mji Mkongwe. Tuseme dola moja sokoni ni shilingi 2,600. Mlo ni dola 100. Mashine inaihesabu dola kwa shilingi 2,430, na mgeni anatia namba ya siri kwenye dola 107. Dola saba zimekwenda bila mtu yeyote kumpikia, kumbebea wala kumhudumia chochote. Tena zipo benki zinazotoza ada ya malipo ya ng'ambo hata hapo, kwa kuwa duka liko nje ya nchi, kwa hiyo mtu huyo huyo anakamuliwa mara mbili.

Fedha hiyo inakwenda wapi? Hugawanwa kati ya kampuni ya kubadilisha na benki yenye mashine, na mwenye duka naye huachiwa chembe. Chembe hiyo ndiyo inayomfanya mhudumu abonyeze kitufe kwa niaba yako na kukupa risiti ikiwa tayari. Kanuni za Visa na Mastercard zenyewe zinataka mteja achague mwenyewe na aonyeshwe kiwango. Ukipewa risiti yenye sarafu usiyoichagua, una haki ya kusema hapana, malipo yafutwe, yaanzwe upya. Sema hapana. Usione haya mbele ya foleni, wala usikubali kuambiwa kwamba mashine haina njia nyingine.

Wahenga wetu wa pwani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone kwa kuuza kikoi chake, karafuu zake, pweza wake na maarifa yake ya vichochoro. Asilimia zinazonyofolewa na mashine haziponyi mtu Forodhani wala Marikiti. Zinakwenda kwa watu wasiowahi kuuona mgeni huyo, na hasara yake inabaki kwetu, maana akirudi kwao na kusoma taarifa ya benki, atakayemtaja kuwa alimpunja ni muuza vikoi.

Meli nayo haina mikono safi. Ndani ya meli hakuna noti zinazopita mkononi. Kila kinywaji huandikwa kwenye kadi ya chumba chako, kwa dola au yuro, na deni huunganishwa na kadi ya benki uliyoitoa siku ya kupanda. Meli huzuia kiasi fulani kwenye kadi hiyo kama dhamana. Ukiwa umetoa kadi inayokata moja kwa moja kwenye akaunti yako ya akiba, ni fedha zako halisi zinazozuiwa, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kuachiwa baada ya safari kwisha, wakati unadaiwa kodi na ada za shule nyumbani. Tena baadhi ya meli hubadilisha deni lote kuwa sarafu ya nyumbani kwako kwa kiwango chao, isipokuwa umekwenda mapokezi kukataa. Wangapi wanakwenda? Tangazo lenyewe limefichwa katika maandishi madogo ya karatasi za kupandia. Nenda siku ya kwanza, waambie unataka kutozwa kwa sarafu ya meli, na usome hesabu yako kabla ya usiku wa mwisho, foleni haijawa ndefu.

Halafu kuna ushauri unaorudiwa kila mahali: beba dola, dola inapita popote. Ushauri huu umewagharimu watu wengi, na katika bahari yetu hauna msingi. Ifuate meli inayozunguka Bahari ya Hindi. Inaanza Port Louis, Morisi, ambako wanatumia rupia. Inafika Reunion, ambayo ni sehemu ya Ufaransa, na muuza duka atataka yuro tu. Inatia nanga Nosy Be, Madagaska, ambako fedha ni ariari, sarafu usiyoweza kuipata kwa urahisi nje ya kisiwa hicho kikubwa. Noti yake kubwa kuliko zote ni ya 20,000, na haifikii hata yuro tano, kwa hiyo anayebadilisha yuro mia anaondoka na bunda la kumtia hofu bure. Inapanda hadi Victoria, Shelisheli, ambako pia wanatumia rupia, lakini rupia moja ya huko ni takribani rupia tatu za Morisi. Abiria anayezichanganya rupia hizo mbili huona kila kitu Victoria ni rahisi mpaka siku ya kulipa.

Kisha Mombasa na Unguja, shilingi kwa shilingi. Mia tano ya Mombasa ni chakula cha mchana na soda. Mia tano ya Unguja ni andazi. Shilingi moja ya Kenya ni takribani ishirini za Tanzania. Na anayekuja na noti za elfu moja za Kenya alizobaki nazo safari ya zamani ajue kwamba noti za zamani za elfu moja zilikufa tarehe 30 Septemba 2019, hakuna duka litakalozipokea.

Na hiyo dola inayosifiwa? Serikali ya Marekani inasema noti zake zote zilizotolewa tangu 1861 bado ni halali kwa thamani kamili. Ipeleke noti ya 1999 kwenye duka la fedha Unguja uone. Itarudishwa. Ikiwa na mkunjo mkali au alama ya kalamu, itarudishwa. Ukitoa noti za dola tano na kumi badala ya mia, utapewa kiwango cha chini. Hapa nawasema ndugu zangu wa nyumbani bila kuwapaka mafuta: tumemfundisha mgeni kwamba dola ndiyo fedha, tukamtajia bei ya mashua kwa dola na ya ziara ya viungo kwa dola, kisha dola yenyewe tunaikagua kama mahabusu. Mgeni aliyeshuka kwa saa sita hana muda wa kutafuta noti mpya.

Machi 2025 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza au kudai bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Nilizishangilia, na bado nazishangilia. Shilingi ndiyo inayolipia mishahara, unga na nauli ya daladala. Bei ikitajwa kwa dola, mwenye bei anajikinga yeye na kumwachia jirani yake mzigo wa kupanda na kushuka kwa sarafu. Lakini kanuni hiyo itakuwa nusu ya kazi ikiwa kibao ukutani kinasema shilingi na mashine mezani inanong'ona dola. Na mwenye duka anayemwongezea mteja asilimia tatu hadi tano kwa sababu tu ametumia kadi naye aache, au aiandike nyongeza hiyo kwenye kibao kabla mtu hajaagiza.

Kwa wewe msafiri, uwe Mwarusha aliyejikusanyia au Mswahili wa Muscat, Toronto au London anayerudi kwa njia ya bahari, haya yanatosha. Kadi mbili za benki mbili tofauti, moja ibaki kwenye sefu ya chumbani. Iarifu benki nchi utakazopita, la sivyo kadi huenda ikafungwa bandari ya pili. Toa fedha kwenye ATM iliyo kwenye ukuta wa benki, mchana, mara moja kwa kila nchi, na mashine ikikupa kiwango chake "bila usumbufu", kataa; itakupa fedha bila kutumia kiwango hicho, hata kama maneno yake yanatisha. Toa kidogo: cha teksi, cha muuza juisi ya miwa, cha bahashishi. Chenji ya noti kubwa ni mateso kwa muuza madafu.

Na kwa Benki Kuu ya Kenya na Benki Kuu ya Tanzania: Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya 2019, uliwalazimisha wenye mashine kuwaonyesha wenye kadi za Ulaya nyongeza hiyo kwa asilimia, juu ya kiwango cha benki kuu yao. Sisi tuanzie hapo na tupite zaidi. Agizeni mashine zote za bandarini, hotelini na viwanja vya ndege zianze na shilingi. Asilimia ya nyongeza ionekane kwa herufi kubwa kama bei yenyewe. Na benki itakayokutwa wakala wake amembonyezea mgeni, irudishe fedha zote na kulipa faini. Mpewe miezi mitatu, kabla meli za msimu ujao hazijatia nanga.