Swali la stresi: kijana wa Bunia halazimiki kuuza maumivu yake ili apate kazi

Katika matangazo ya kazi yanayotolewa mjini Bunia, sharti moja linarudi kila mara: mtafuta kazi awe na uwezo wa kufanya kazi chini ya presha. Siku ya mahojiano sharti hilo linageuka swali: « Ukipata stresi kazini, unafanyaje? » Vijana wa mtaa wa Lumumba, sawa na wenzao wa mitaa mingine ya mji, wamelizoea, na wengi wana jibu walilolishika kwa moyo: « Presha hainisumbui. Hata naipenda. »

Jibu hilo ni baya, ingawa kosa si la kijana peke yake.

Ni baya kwa sababu halisemi kitu. Walio upande wa pili wa meza wanalisikia kutwa nzima, na wanajua kwamba mtu asiyechoka hayuko. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayejisifu kwamba hachoki ndiye atakayenyamaza siku dawa zinapopungua kwenye stoki au rapoti inapochelewa, mpaka jambo liharibike mbele ya watu wote. Swali hilo, likiulizwa vizuri, linatafuta mtu atakayetoa habari mapema na atakayejua cha kufanya kwanza. Ushujaa hauhitajiki.

Jibu zuri lina mambo manne: jambo lililotokea, alichofanya mtafuta kazi, aliyemjulisha, na jinsi lilivyoisha. Halidai diploma kubwa wala miaka mitano ya uzoefu. Kijana anayefanya kazi kwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu analo. Mtandao ulikatika siku ya mishahara, watu wamejaa mbele ya kibanda na wengine wanapiga kelele. Aliwaambia wazi kwamba hapokei pesa ya mtu mpaka mtandao urudi, akaandika majina kwa kufuata foleni, akampigia simu mwenye kibanda, na jioni hesabu ikatoka sawa. Msichana aliyefanya staji kwenye kituo cha afya analo pia, na mwalimu mwenye darasa lililojaa kupita kiasi vilevile. Sentensi nne za kweli zina uzito kuliko sifa kumi.

Lakini Bunia si mji wowote tu, na hapo ndipo swali hili linapata makali yake. Kati ya wanaokaa mbele ya meza hizo, wamo waliokimbia Djugu au Irumu usiku, na waliozika ndugu zao. Wamo waliokuwa watoto mwaka 2003, vita vilipoingia katikati ya mji mpaka Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi chake cha Artemis. Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na hata hivyo wakaaji wameendelea kuhesabu mashambulizi. Mtu wa namna hiyo akiulizwa « Tuambie wakati mgumu uliowahi kupitia », si kumbukumbu ya ofisi inayomjia kwanza.

Wengine huishia kulia mbele ya watu wasiowajua. Wengine huanza kufikiri kwamba anayesimulia mateso makubwa zaidi ndiye atakayechukua nafasi. Yote mawili ni mabaya. Swali la stresi kazini linahusu kazi, na kijana ana haki ya kulirudisha hapo kwa adabu: « Kuhusu kazi, ninaweza kuwapa mfano huu. » Hakuna sheria inayomlazimisha kufungua kidonda chake kwa ajili ya mkataba wa miezi mitatu. Akitaka mwenyewe kusema kwamba maisha yamemfundisha uvumilivu, aseme. Asichunwe maneno.

Watasema wengine kwamba huko ni kumdekeza mtafuta kazi: mashirika ya kiutu yanatuma watu kwenye barabara mbaya na kwenye kambi za wahami, kwa hiyo lazima yajue nani atavunjika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ila mtu hapimwi kwa kumtonesha. Anapimwa kwa kumpa jambo la kazi yenyewe: « Uko kwenye ugawaji wa chakula, familia ishirini hazimo kwenye orodha, watu wanaanza kusukumana. Unaanza na nini? » Jibu la hapo linaonyesha mengi kuliko machozi.

Tena, stresi ya kazini si mzigo wa mfanyakazi peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuishiwa nguvu kazini kunatokana na stresi ya muda mrefu mahali pa kazi ambayo haikushughulikiwa vizuri. Mwaka 2022 shirika hilo lilishauri kwamba wakubwa wa kazi wenyewe wafundishwe kulinda afya ya akili ya watu wao. Sheria ya Kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku kuwa kikomo cha kawaida. Mwajiri anayeuliza habari ya presha ajiandae naye kuulizwa: kazi hii ina watu wangapi? Shefu anapatikana saa ngapi? Mtu akizidiwa, anamwambia nani?

Kuna pia presha ambayo hakuna anayepaswa kuizoea. Baada ya mripuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, tume huru ilitoa ripoti yake Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani, na wanawake walieleza jinsi walivyotakiwa kutoa miili yao ili wapate kazi. Msichana anayefundishwa kujibu « ninavumilia kila kitu » anafundishwa vibaya. Jibu la mtu mzima lina mpaka: kazi nyingi, ndiyo, dharau na uchafu, hapana.

Ni rahisi kusema hivyo, ni vigumu kulitenda pale kazi ni chache. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, mashirika mengi yamepunguza watu, na waliobaki nje ya mlango wameongezeka. Njaa inamshawishi kijana kukubali lolote na kusema lolote. Ndiyo maana wanaoajiri Bunia ndio wanaopaswa kuanza: wafute swali linalochimba maumivu, waweke linalopima kazi, na waseme wazi mfanyakazi atasaidiwa vipi akizidiwa. Kijana naye aende na mfano wake mmoja wa kweli, autoe bila haya, na asiseme kamwe kwamba hachoki.