"Rahisi Ghali" Si Hoja: Kuhusu Kigeuzi cha Sauti cha Nyumbani

Methali ni hazina, lakini hata hazina ikiwa mikononi mwa mjanja hugeuka silaha. Methali "rahisi ghali" ni mojawapo. Mtu wa Rumonge au Nyanza-Lac akiingia dukani Bujumbura na kuuliza kwa nini kisanduku kimoja cha sauti kinauzwa mara tano ya kingine, hupewa jibu hilo hilo: "Rahisi ghali, ndugu yangu." Hapo mazungumzo huisha na pesa hutoka. Katika insha hii ninalipinga jibu hilo. Ninasema kwamba kigeuzi cha bei nafuu kilichotengenezwa vizuri kinamtosha msikilizaji wa nyumbani, na kwamba faranga zinazozidi hapo zina kazi nyingine ya maana zaidi.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana kisichoeleweka ndicho kinachouzwa ghali. Muziki uliomo katika simu, kompyuta au flashi bado si sauti; ni tarakimu. Spika haijui tarakimu. Inachojua ni umeme unaopanda na kushuka. Kati ya hivyo viwili lazima pawe na mkalimani, na mkalimani huyo ndiye kigeuzi, ambacho wauzaji hukiita kwa herufi tatu, DAC. Kila simu inayotoa sauti tayari ina kigeuzi ndani yake. Cha nje huhitajika kwa sababu chache za kweli: televisheni mpya haina tundu la kuiunganisha na amplifaya ya zamani yenye matundu mekundu na meupe, simu mpya haina tundu la spika za masikioni, au kompyuta inakwaruza kila inapounganishwa. Asiye na shida ya namna hii hana haja ya kununua kigeuzi chochote, kiwe rahisi au ghali.

Sasa tuzitazame namba zinazoandikwa juu ya boksi. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kina biti 16. Siku hizi viko vigeuzi vinavyojinadi kwa vipimo 768,000 kwa sekunde na biti 32. Mnunuzi huona namba kubwa akadhani anaona sauti kubwa.

Sisi watu wa Tanganyika tunao mfano wa kutufungua macho: wavu wa ndagala. Matundu yakishakuwa madogo kuliko ndagala, ndagala wote walioingia wamenaswa. Ukiyapunguza tena, huongezi ndagala hata mmoja. Unaongeza uzito wa wavu na takataka za kuchambua ufukweni. Sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kadiri tunavyozeeka uwezo huo hupungua. Ili kuunasa mtetemo, inatosha kuupima zaidi ya mara mbili ya kasi yake. Ndiyo maana 44,100 inatosha. Hayo si maoni ya muuzaji wala yangu. Ni kanuni ya hisabati ambayo Claude Shannon aliieleza kwa uthibitisho katika makala yake ya mwaka 1949. Biti 16 nazo hutoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Katika sebule ya Rumonge, yenye pikipiki barabarani, watoto uani na mvua juu ya mabati, nani atasikia kinachopungua hapo?

Wako watakaosema kwamba hisabati ni kitu kimoja na sikio ni kingine. Vema, tuliulize sikio. Mwaka 2007, Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani. Walicheza rekodi za kiwango cha juu kuliko CD, kisha wakazipitisha katika kifaa kilichozishusha hadi kiwango cha CD, bila wasikilizaji kujua ni lini. Katika majaribio zaidi ya 500, majibu sahihi yalikuwa karibu nusu. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu.

"Lakini mimi nasikia tofauti," mpinzani husisitiza. Simwiti mwongo. Huenda anasikia tofauti, ila chanzo chake si ubora. Vigeuzi viwili mara nyingi havitoi umeme wa kiwango kimoja, na kinachotoa sauti kubwa kidogo tu huonekana kitamu zaidi. Tena, anayejua bei husikia kwa mfuko. Dawa ni rahisi. Sawazisha ukubwa wa sauti, weka pazia, mwombe mwenzako abadilishe nyaya mara kumi bila kukuambia, nawe utaje ni kipi. Ukipata tisa au zaidi, nitakuheshimu, kwa maana anayebahatisha hufika hapo takriban mara moja tu katika mia. Ukipata tano, weka pesa zako mfukoni.

Je, nasema kila cha bei rahisi ni kizuri? La hasha. Methali ina sehemu yake ya ukweli. Viko visanduku vinavyovuma, vinavyokatakata, na vinavyokufa baada ya umeme kuyumba mara mbili. Kwa hiyo bei isiwe kigezo, ghali wala rahisi. Vigezo viwe hivi vifuatavyo.

Kwanza, tundu. Kwa televisheni, tafuta kigeuzi chenye tundu la waya wa mwanga, kisha katika mipangilio ya televisheni chagua sauti ya PCM. Usipofanya hivyo unaweza kupata ukimya ukadhani umeuziwa kibovu. Kwa simu au kompyuta, tafuta cha USB. Kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, ambacho ndani yake kina kigeuzi kamili, huuzwa Marekani kwa dola 9, na vipimo vyake vimewaaibisha wenzake wa bei kubwa; ila kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake huwa ndogo, basi kijaribu kabla ya kulipa. Anayetaka kisanduku cha kukaa mezani atapata vya makampuni ya Kichina kama Topping na SMSL kwa karibu dola 100, na kasoro zake ziko chini ya uwezo wa sikio. Kupita hapo, unanunua rangi ya boksi.

Pili, mvumo. Ukisikia mvumo, usikimbilie dukani. Chomoa chaja, uache kompyuta itumie betri yake. Mvumo ukikoma, ugonjwa uko katika njia ya umeme kati ya vifaa, na kigeuzi cha dola 1,000 kinachounganishwa kwa USB kinaweza kuvuma vile vile. Waya wa mwanga huutibu ugonjwa huo kwa sababu haupitishi umeme kabisa.

Tatu, haki ya kujaribu na kurudisha. Duka lisilokubali usikilize kwanza linakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nimesema kwamba faranga zinazobaki zina kazi. Kazi ya kwanza ni spika. Tofauti kati ya spika mbili husikika hata na bibi aliyeko jikoni, wakati tofauti kati ya vigeuzi viwili vizuri hutafutwa kwa mashine. Ya pili ni chumba: kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi, na mkeka, pazia zito au kabati la vitabu hupunguza mwangwi huo kwa gharama ndogo. Ya tatu ni rekodi zenyewe. Khadja Nin, mwanamke wa Burundi aliyeimba kwa Kiswahili na kusikika hadi Ulaya miaka ya 1990, alirekodiwa studio kwa uangalifu. Lakini wimbo wake ukishabanwa na kurushwa simu hadi simu mara ishirini, kilichotupwa njiani hakirudi. Hakuna mkalimani anayeweza kutafsiri maneno ambayo hayakusemwa.

Kuna atakayeuliza: haya yanatuhusu nini sisi wanafunzi wa Kiswahili? Yanatuhusu sana. Dola 100 kwa familia inayoishi kwa mawese au kwa samaki si pesa ya mchezo, hasa hapa nchini ambapo dola ya mtaani iko mbali na dola ya benki. Familia hiyo hainyang'anywi pesa kwa nguvu. Hunyang'anywa kwa maneno. Maelezo ya boksi yameandikwa Kiingereza na Kichina, muuzaji huongeza Kifaransa, na mnunuzi anayezungumza Kiswahili sokoni, msikitini na bandarini hubaki na methali moja tu ya kumkata kauli. Lugha yetu inaweza kueleza sampuli, biti na desibeli. Nimejaribu kuonyesha hivyo kwa wavu wa ndagala. Tukiiacha Kiswahili iwe lugha ya kuimbia tu, huku maelezo ya vyombo vya kuchezea nyimbo hizo yakibaki katika lugha za wengine, tutaendelea kulipia ujinga ambao si wa lazima.

Basi mwenzangu, jirani akikuuliza anunue kipi, usimtajie methali. Muulize ana tundu gani, ana spika gani, na nyimbo zake zimetoka wapi. Huenda mkagundua pamoja kwamba hahitaji kununua chochote.